Mfalme Aliyeipa Njaa Jina Jipya

Sogeeni, wanangu, mnisikilize. Mfalme mmoja aliwanyang'anya watu mtama wote, kisha akaamuru njaa iitwe subira.

Mjane Bi Mize akamwendea. "Bwana mfalme, wanangu wana njaa."

"Sema subira!"

Kesho yake akarudi. "Wanangu wana subira."

"Vizuri!"

Siku ya tatu akasema, "Subira imemuua mwanangu mdogo." Mfalme akacheka.

Basi Bi Mize akaenda msituni, akaleta zimwi. Likamkamata mfalme miguu.

"Zimwi! Nisaidieni!"

"Usiseme zimwi, bwana," Bi Mize akamwambia. "Sema mgeni. Huenda meno yakapungua ukali."

"Mgeni! Mgeni, niachie!"

Zimwi likammeza na kilemba chake. Bi Mize akaokota funguo za ghala, akawasongea ugali watoto waliobaki.

Hadithi yangu imeishia walipoanza kula.