Fundi Fisi na Vipimo Visivyo na Jina

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakivaa nguo na kulipa kodi ya nyumba, Fisi alikuwa fundi cherehani. Akishampima mteja, aliandika kwa mkaa kwenye ukuta wa nje, kila mpita njia aone: "Kondoo, kiuno inchi arobaini."

Na ninyi mnajua nani hupenda kusoma habari kama hizo. Chui! Asubuhi alisoma ukuta, jioni alimletea Fisi mifupa, na Kondoo hakuonekana tena.

Mfalme Simba akatoa sheria: "Vipimo vya mteja ni siri ya mteja!"

"Mamaaa! Sheria hii itaniulia biashara!" Fisi akalalamika, akifuta ukuta.

Kweli duka likabaki tupu. Lakini ng'ambo ya barabara, kwa Pimbi, fundi mdogo aliyefungia daftari lake sandukuni, foleni ilifika kisimani. Fisi akakuna kichwa. Sheria ni moja, mbona imemkausha yeye na kumnenepesha Pimbi? Hakuelewa hata kidogo, na roho ilimuuma.

Akavuka. "Pimbi ndugu yangu, unatumia dawa gani?"

Pimbi bado alikuwa anamlilia Kondoo, lakini alitabasamu. "Sina dawa, kaka. Simama nikupime, nikushonee suti ya bure."

Fisi alikuwa amepima wengine maisha yake yote. Yeye hakuwahi kupimwa hata siku moja. Pimbi akamzunguka na utepe, fyu, fyu, akaandika kimyakimya bila kutia jina. Kisha akaacha daftari wazi, akaenda kuchemsha chai.

Fisi akachungulia. Kiuno, inchi hamsini na mbili! "Lahaula! Nani huyu mnono hivi? Mifupa yangu inarudi!" Chwaa! Akachana ukurasa, mbio mpaka kwa Chui.

"Jina lake nani?" Chui akauliza.

"Majina yamefichwa, bwana mkubwa. Hata mimi nimechanganyikiwa. Itabidi upime mmoja mmoja."

"Haya, nipe huo utepe ulio shingoni mwako. Naanza na aliye karibu."

Fisi akacheka, hi hi hi, akainua mikono.

"Kiuno... hamsini na mbili. Paja... sawa. Shingo... sawa kabisa." Chui akalamba midomo.

"Ngoja kwanza," Fisi akasema. "Sielewi. Mbona vinalingana?"

Kwaruu! Fisi akatimka, suruali imechanika, mguu wa nyuma unachechemea mpaka leo. Cherehani yake ikaota kutu, na foleni ya Pimbi ikapita kisima.

Anayeuza siri za wenzake, ipo siku atauza na yake.