Kihenge cha Matete

Basi jamani, palikuwa na mtemi mmoja akiitwa Ngasa. Nchi yake ilikuwa na ng'ombe wengi, mvua za kutosha, na wanaume wenye maneno mengi kuliko hizo mvua.

Ngasa hakuogopa simba wala vita. Aliogopa jambo moja tu, na jambo lenyewe alilifunika kwa nguo kila asubuhi.

Hofu ilimzidi alipoposa. Mchumba wake, Kabula, alikuwa mjane. Marehemu mumewe alikuwa mwindaji wa tembo, pande la mtu, mlangoni haingii mpaka ainame. Ngasa yeye alikuwa mfupi, mwembamba, na kila akiiwaza harusi, alijilinganisha na marehemu. Akawa anajiuliza: wanaume wenzangu wako vipi huko chini? Nami nimo, au nimepunjwa?

Akaamua kuujua ukweli. Na Ngasa akiamua, ameamua.

Mpiga mbiu akazunguka nchi nzima: "Kila mwanaume mwenye mke akate tete, ndani kwake, mlango umefungwa, lilingane na uume wake siku ya kazi! Alichome alama anayowachoma ng'ombe wake, asije mtu wa mzaha akaleta mawili. Alitumbukize kwenye kihenge kitupu cha nafaka cha mtemi. Atakayetazama ni mtemi peke yake!"

Ngasa naye akakata lake. Akalitazama, akalitupa. Akakata jingine, akaongeza kidogo, kama mtu anayeongeza chumvi kwenye mboga iliyokwisha kukolea. Akalichoma alama ya pembe mbili, akawa wa kwanza kulitumbukiza.

Siku ya kukifungua kihenge aliingia peke yake. Alitoka uso umekunjamana kama aliyelambishwa shubiri.

Yale hayakuwa matete ya kipimo. Zilikuwa fito za kujengea nyumba! Mengine yalishindwa kusimama humo ndani, yakalala mshazari. Lake, pamoja na chumvi yote ile, lilikuwa limezama chini kama kijiti cha kuchokolea meno.

Akaenda moja kwa moja kwa Bibi Nyamizi, mama mzaa baba.

"Bibi, nimeamua. Kabula apelekewe neno. Harusi haipo."

"Kwa nini, mume wangu?" Bibi alimwita hivyo tangu azaliwe, kwa haki ya utani wa bibi na mjukuu.

"Sababu ninayo."

"Najua unayo. Imejaa kihenge."

Ngasa akatazama chini.

"Sikiliza," bibi akasema. "Ng'ombe wa mahari wameshafika kwao. Ukimwacha mwanamke bila sababu, watu watamtafutia yeye sababu. Watasema ni mchawi: wa kwanza amemuua, wa pili amemkimbia. Aibu yako unataka kumvisha yeye?"

"Bibi, nchi nzima imenipita!"

Bibi akachukua mkongojo wake, akaenda kukiona hicho kihenge. Akaingia. Kikasikika kicheko, kisha kikohozi, kisha kicheko tena.

"Nipe siku moja," alisema akijifuta machozi. "Baada ya hapo mrudishe yeyote unayetaka. Hata mimi nirudishe kwetu."

Mbiu ya pili ikapigwa: "Kesho jua likichomoza, wake wote wafike kihengeni! Kila mke atalitoa tete lenye alama ya mumewe, ataliinua juu, aseme mbele ya watu kama ni kweli. Mwenye marekebisho aje leo kwa Bibi Nyamizi. Kisu kipo!"

Bibi akaketi mlangoni pa kihenge, kisu mapajani. Ngasa akawekwa nyuma, akaambiwa afunge mdomo afungue masikio.

Wa kwanza alifika mbiu haijamaliza kulia.

"Shikamoo, bibi. Lile tete langu nililitoa mtoni. Nasikia ya mtoni huendelea kukua hata yakishakatwa."

"Marahaba. Kata, mwanangu."

Wa pili alisema alikata gizani. Wa tatu akasema hakuielewa mbiu, alianzia kupima kitovuni. Wakaanza kuja kwa makundi, wakakutana hapo mlangoni, wakasalimiana bila kutazamana.

"Kumbe na wewe?"

"Mimi? Nimemsindikiza ndugu yangu."

"Yuko wapi huyo ndugu?"

"Yuko nyuma, anakuja."

Mwisho akaja Shilinde, mnyampara mkuu, msaidizi wa mtemi. Huyu ndiye aliyekuwa akijigamba kilabuni kwamba yeye ni balaa, wanawake wanamkimbia. Na lake ndilo lililolala mshazari kuliko yote.

"Bibi," akanong'ona, "mtu akipunguza sana, haitaonekana kwamba mwanzo alidanganya?"

"Mkeo anaitwa nani?"

"Ng'walu."

"Na Ng'walu hajui?"

Shilinde akachukua kisu. Akakata. Akafikiri. Akakata tena.

Foleni ilipokwisha, bibi akageuka. "Haya, toka huko nyuma." Akamnyooshea kisu. "Nimeona tete moja lina pembe mbili. Mwenyewe hana mke wa kuja kulisemea kesho. Lakini anaye anayekuja mwezi ukiandama."

Ngasa alikipokea kile kisu, akalitoa tete lake. Simba hakuwahi kumtoa jasho namna ile. Kisha akakata, likawa urefu ule ule wa lile la kwanza alilolitupa, kabla ya chumvi.

Bibi akalipokea. Akayamwaga matete yote mkekani, akalitupia humo na la mjukuu wake, akayavuruga kwa mikono miwili.

"Lako hilo. Litafute."

Ngasa akapiga magoti. Hili limezidi kidogo, lile limepungua kidogo, lakini mengi yalikuwa kama yamekatwa na mkono mmoja. Kwa macho hakulijua. Ilimbidi ageuze moja baada ya jingine akitafuta alama, mpaka akaziona pembe zake mbili: tete lake, katikati ya wenzake, halina la ajabu.

"Kumbe wote..."

"Wote," bibi akasema. "Kila mmoja amejifungia ndani kwake, anajihurumia peke yake, halafu anatoka nje kuwatisha wenzake."

Ngasa hakutuma mshenga. Alikwenda kwa Kabula kwa miguu yake, akamsimulia yote: kihenge, fito, kisu. Kabula alicheka mpaka akashika nguzo.

"Na marehemu?" Ngasa akauliza. Swali lilimtoka kwa shida.

Kabula akaacha kucheka. "Alikuwa mtu mkubwa, sikufichi. Lakini unajua nilimlilia nini? Jioni alikuwa akiniuliza nimeshindaje. Halafu ananyamaza, ananingoja nijibu."

Ngasa akaketi karibu naye.

"Umeshindaje?" akauliza.

Akanyamaza, akamngoja ajibu.

Wake za watu nao walifika kihengeni asubuhi ile ya mbiu ya pili kama walivyoitwa, wengine wamevaa nguo za sikukuu, maana shughuli yenyewe hawakutaka iwapite. Bibi Nyamizi akawaambia: "Rudini majumbani. Waume zenu wameshasema kweli wenyewe." Wakarudi wakinung'unika. Walitaka tamasha.

Vile vipande vilivyokatwa vilibaki lundo refu kuliko mtu. Havikutupwa. Ndivyo vilivyowasha moto wa harusi ya Ngasa na Kabula. Nyama ikaiva, ugali ukaiva, pombe ikachemka, na bado vikabaki vya kuchemshia maji ya kunawa.

Tusimcheke sana Shilinde. Hata watafiti wa siku hizi wameyaona hayo hayo: wanaume wakiulizwa, kipimo hurefuka, wakipimwa na mtu mwingine, kinarudi mahali pake. Na wengi wanaokwenda kwa daktari wakidhani wamepunjwa hukutwa wako sawa na wenzao.

Mtumie ndugu yako mmoja hadithi hii. Usimwambie kwa nini umemchagua yeye. Na aliyekutumia wewe, usimuulize.

Funzo: Usijipime kwa tete la mwenzako, maana hukuwepo alipolikata.