Muhogo Mchungu Matangani

Wapendwa, leo sikuja kuwachekesha. Mnanijua: nikisimama hapa hata mbuzi wa jirani hucheka, na mke wangu husema mahubiri yangu ni marefu kama safari zangu na yana faida kama zawadi ninazorudi nazo. Leo nimekuja na hasira. Nisikilizeni.

Palikuwa na mwanamke mmoja, kwao ni kule ambako watu hula muhogo mchungu, ule ambao ukiutafuna mbichi unaweza usilione jua likizama. Akasoma hadi akaajiriwa maabara mjini, na kazi yake, msishangae, ilikuwa kung'oa meno ya sumu. Sumu yenyewe ni ile anayoitema mdudu wa kifaduro, kikohozi kile kinachomkunja mtoto hadi pumzi inampotea.

Waliomtangulia waliiloweka sumu hiyo kwenye dawa kali. Ikafa, lakini ikafa imeumbuka uso. Na walinzi wa mwili wakionyeshwa sura iliyoumbuka, watamtambuaje mwizi akija mzima? Yeye na wenzake wakaingia kwenye mbegu yenyewe, kwenye yale maandishi ya urithi ambayo mdudu huyafuata anapotengeneza sumu. Wakabadilisha mahali pawili tu. Sumu ikazaliwa na sura ile ile, lakini kibogoyo. Hiyo ndiyo ikawa chanjo: mwili ukiiona unamjua adui bila kuumwa. Miaka tisa aliifanya kazi hiyo. Mimi kazi yangu ya miaka tisa ni hili tumbo mnaloliona.

Basi chanjo ile ilipofika kijijini kwao, mwanamke alikuwa likizo kwa dada yake, aliyekuwa na kichanga cha kike cha wiki sita. Baada ya ibada muuguzi akapanga meza nje ya kanisa, kina mama wakapanga foleni, dada mtu akiwemo. Akatoka mzee wa kanisa, yule anayesoma matangazo, akauliza ndani ya kisanduku kuna nini. Mwanamke, kwa ile furaha ya msomi anayedhani kila mtu anataka kusoma naye, akaanza kueleza, na neno la kwanza lililomtoka lilikuwa sumu. Akafika kwenye mbegu, akafika kwenye kibogoyo, lakini mzee alikuwa ameshaacha kusikiliza.

“Binti yangu,” akasema mzee kwa sauti ya kufika barabarani, “sumu ni sumu, hata ukiiogesha. Haitaingia kwenye mwili wa mtoto wa kanisa hili.”

Foleni ikayeyuka. Dada akamtazama mdogo wake, akamtazama mzee, akakaza mbeleko. Mwanamke alibishana naye njia nzima hadi nyumbani. Dada akamjibu kwamba mwenzake anarudi mjini, yeye anabaki hapa, na hapa mtu akigombana na mzee wa kanisa atazikwa na nani?

Miezi miwili baadaye mwanamke aliitwa kuzika. Kifaduro kilikuwa kimepita nyumba kwa nyumba, na mtoto wa dada yake hakuwa na mlinzi hata mmoja mlangoni. Sitawaeleza alivyokohoa. Aliyewahi kukisikia kikohozi kile anajua, na ambaye hajakisikia amshukuru Mungu.

Matangani wakapika ugali wa muhogo, kama ilivyo desturi ya kwao. Mwanamke ndiye aliyewanawisha wageni. Akafika kwa mzee wa kanisa, ambaye alikuwa ndiyo kwanza ametoka kuhubiri kaburini kwamba Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Akammiminia maji, akamwekea sahani, akabaki amesimama. Mzee akakata tonge.

“Mzee, huo ni muhogo mchungu,” akamwambia.

Tonge likasimama hewani. “Si mmeuloweka?”

“Siku nne. Tukauanika, ndipo tukautwanga.”

“Basi sumu imeshatoka, binti yangu,” akasema mzee, akalitia tonge kinywani.

Alikuwa anatafuna alipogundua kwamba watu wote wanamtazama. Wapishi wameacha kupakua. Mama wa marehemu, aliyelala kwenye mkeka tangu asubuhi, ameinuka na kuketi. Mzee akawatazama mmoja mmoja, kisha maneno yake mwenyewe yakamrudia, na tonge likagoma kupita.

Mwanamke hakumtukana. Akamsogezea kikombe cha maji.

“Meza tu, mzee,” akasema. “Haina meno.”

Sasa ninyi mnamkasirikia mzee, naona macho yenu. Mkasirikieni, ruhusa mnayo. Lakini niambieni, ile foleni ilikuwa ya nani? Si ya wanawake walioloweka muhogo tangu usichana wao? Si kila mmoja alikuwa na jibu la kumpa mzee ndani ya chungu nyumbani kwake? Nani alifungua kinywa? Watu wale hawakukosa elimu, wapendwa. Walikosa kinywa, na mtoto akailipia ile adabu yao.

Na sisi tunatofautiana nao wapi? Mimi huyu, kila nikidaiwa chanjo ili nipande ndege, hunyoosha mkono nikachomwa, wala siulizi sindano ina nini. Nauliza tu kama kwenye ndege watatupa chakula. Sindano ya safari yangu haina maswali. Sindano ya mtoto wa mwenzangu naiundia kamati, halafu kwenye matanga nakaa mbele na kula sahani mbili. Mungu anisamehe, na ninyi msinicheke.

Muuguzi ameshapanga meza yake nje, pale kwenye turubai la bluu. Ibada ikiisha, mlangoni nitasimama mimi. Na yeyote anayetaka kuwaambia kina mama wetu kwamba sumu ni sumu, apite kwanza kwangu, aniambie jana alikula nini.