Taa za Bwana Shekalaghe

Ijumaa ya kwanza ya Juni, saa kumi na moja kamili jioni, Bwana Shekalaghe, tajiri wa Korogwe, aliingia uani kwa Mwanjaa akalikodolea macho gari kuukuu ambalo binti huyo aliachiwa na marehemu babu yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Binti, mpaka leo unawasha gari kwa kuzungusha hendeli, kama unasaga mahindi? Langu ni la zamani vilevile, lakini nabonyeza stata tu. Hendeli yake niliitupa. Hili nipe, likapambe bustani yangu."

Mwanjaa alimjua vizuri. Alichokitamani Bwana huyo hakikukaa kwa mwenyewe siku mbili.

"Tushindane, mzee. Kesho saa moja asubuhi, mbele ya majirani, litakalogoma kuwaka ni la mwenzake."

"Umekwisha, binti!"

"Nimekwisha kweli. Ila mtaani wanasema taa za gari lako ni urembo tu, haziwaki."

"Nani kasema?"

"Wote. Hata wanaokwenda kuswali alfajiri hupita getini kwako wakicheka."

"Basi leo wataziona mpaka kunakucha!"

Asubuhi Bwana Shekalaghe alibonyeza stata mbele ya mtaa mzima. Ilikohoa mara moja, ikanyamaza. Taa zilikuwa zimekesha zikimulika, na betri ilikuwa imekwisha kabisa.

Mwanjaa alizungusha hendeli, gari la babu likanguruma. Akalifunga la Bwana kwa kamba nyuma ya lake, kisha akamwomba kwa adabu asukume kidogo kwenye kilima.