Kwa Nini Wanaume wa Kidundwe Hubeba Watoto Siku ya Ndiva

Zamani, ndiva ya Kidundwe ilipokuwa ya wanaume peke yao, mwanamke alikuwa hapandi kule juu. Ndiva ni lile bwawa la udongo wanalolijenga Wapare mlimani ili maji ya kijito yajikusanye, asubuhi yafunguliwe yateremke mashambani. Wanawake ndio waliolima mashamba hayo na wanawake ndio waliobeba mitungi, lakini maji waliyakuta mferejini tu, membamba, yenye haraka zake. Mwiko ulisema mwanamke akikanyaga ukingo, maji yatakimbia.

Nakiete alikuwa binti wa juzi tu, na tayari ana mtoto mgongoni, Mvungi. Tangu utoto wake alitamani kitu kimoja na hakumwambia mtu: kuyaona maji yakiwa yamesimama. Alisikia wanaume wakisimuliana kwamba yakisimama, mbingu huingia ndani yake. Basi kila akiinama na jembe alipandisha macho mlimani, kama mtu anayemsubiri mgeni asiyetaja siku ya kuja.

Ukaja mwaka ukingo ukapasuka. Ukame ulikuwa umewapeleka vijana tambarare na ng'ombe, wakabaki wazee na wanaume wachache. Wakaziba, ukapasuka. Wakaziba tena, ukapasuka tena. Mahindi yakajikunja, na maziwa ya Nakiete nayo yakaanza kukata, Mvungi ananyonya analia, ananyonya analia, na Nakiete anawaza huyu ataniponyoka, jamani, ataniponyoka huku namtazama.

Baragumu likalia kuwaita watu kwenye msaragambo, kazi ya wote. Mzee Senkoro, mtunza ndiva, akawahesabu waliokuja kwa macho, akatikisa kichwa.

"Mikono haitoshi. Tuwangoje vijana."

Nakiete alijua Mvungi hawezi kuwangoja vijana. Akasema, "Baba, sisi tupo."

"Mwanangu, mwiko huo. Mkikanyaga, maji yatakimbia."

"Yameshakimbia, baba. Na hakuna mwanamke aliyekanyaga."

Bibi mmoja nyuma akaguna, "Hilo nalo neno!"

Senkoro akatafuta pa kushika. "Na huyo mtoto? Utakanyaga udongo na mtoto analia mgongoni?"

Wanawake wote walikuwa na watoto, ndiyo kamba iliyowafunga siku zote, wala haikuhitaji mwiko. Nakiete akamtazama mumewe, Kiangi. Kiangi akatazama vidole vya miguu yake. Kumbeba mtoto mbele ya wanaume wenzake! Afadhali aitwe mwizi. Lakini Mvungi akalia, kilio chembamba kisicho na nguvu, na Kiangi akakisikia. Akaja, akaifungua mbeleko mgongoni kwa mkewe, akajifunga yeye, vibaya, mtoto kaegemea upande kama mzigo wa kuni.

"Kiangi!" akapiga kelele mmoja. "Umejifungua lini? Mbona hatukuitwa?"

"Juzi," akajibu Kiangi. "Na hata uji hamjaniletea."

Wakacheka mpaka Senkoro akacheka, na mtu akishacheka, kukataa kunakuwa kugumu.

Wakapanda. Nakiete akasimama juu ya ukingo akagawa kazi. Wanaume wasukume mawe. Wanawake wakanyage udongo pamoja na samadi na nyasi, kama wanavyokandika nyumba zao, kisha waupige mpaka ushikane. Wanaume wengine watatu wakakabidhiwa watoto kama Kiangi. Jioni ukingo ulikuwa mzima, ila bwawa tupu. Nakiete akateremka akinyonyesha njiani, akigeuka nyuma kila hatua.

Kulipopambazuka akarudi, Kiangi na mtoto wakimfuata. Maji yalikuwa yamesimama. Mbingu ilikuwa humo ndani kweli, na wingu moja dogo. Nakiete alisimama akiyatazama hadi Senkoro alipofika, mzee naye akasimama kando yake, akangoja. Mwishowe akamwambia, "Haya mama, fungua wewe."

Na tangu siku hiyo, msaragambo wa ndiva ya Kidundwe huongozwa na mwanamke, akisimama ukingoni, na anayechaguliwa mwaka huo hata mumewe humwitikia. Wanaume hupanda na watoto mgongoni, na asiyejua kufunga mbeleko huchekwa yeye.

Ila ni siku ya ndiva. Wapo ambao mbeleko huwakaa mgongoni hadi nyumbani, wakawasha moto wakiwa nayo, wakachota maji wakiwa nayo. Na wapo wanaoifungua wakifika mlangoni, wakamkabidhi mama mtoto, wakaketi. Wanawake wa nyumba hizo humpokea. Lakini ukiwaangalia wakiteremka mlimani jioni ile, utaona wanatembea polepole, polepole sana, ili njia isiishe.