Mtu Aliyebadilisha Dainamo

Mtu mmoja alikuwa na gari kuukuu na mke mgonjwa wa pumu. Aliitwa Ezekia Tweve, seremala wa huko milimani ambako ukungu hushuka alfajiri na siku nyingine hauondoki hadi jioni. Mkewe aliitwa Yusta, mama yake Tumaini. Hospitali ilikuwa ng'ambo ya mlima, mwendo wa saa mbili, na kijijini hapakuwa na gari jingine. Kwa hiyo uhai wa Yusta ulitegemea gari lile, na wote wawili walilijua hilo.

Gari lilikuwa na dainamo, kama magari mengi ya enzi zake. Dainamo huchaji betri gari likienda mbio. Likipanda mlima polepole haitoi kitu: taa nyekundu huwaka mbele ya dereva, na taa kubwa hufifia. Tena nyaya zilikuwa zimechoka, zikinyonya betri usiku kucha. Basi kila jioni Ezekia aliifungua betri akaiingiza ndani, na kila asubuhi aliirudisha mahali pake. Alifanya hivyo miaka thelathini na mmoja. Aliweza kuifunga akiwa amefumba macho, na alijisifu kwa hilo mbele ya wageni, maana sisi wanaume hujisifu hata kwa mambo ya kutuonea huruma.

Masika moja taa zilififia kwenye kona, wakaponea chupuchupu kumgonga mama aliyebeba kuni.  Walipofika nyumbani Yusta alimwomba mumewe aitoe dainamo ile, na Ezekia hakubisha. Alimwita kutoka mjini fundi wa umeme wa magari, jina lake Shomari. Shomari akatoa dainamo, akafunga alteneta, ambayo huchaji hata gari likiwa limesimama. Akaondoa nyaya zilizochoka, akaweka mpya. Kisha akaigeuza betri, kwa sababu gari lile la zamani lilikuwa limeungwa ncha chanya ya betri kwenye bodi, na alteneta hutaka ncha hasi ndiyo iende kwenye bodi. Ukikosea, unaiunguza palepale. Alimwonyesha Ezekia mara tatu jinsi betri inavyokaa sasa. Alipokuwa anaondoka alimwambia, "Mzee, betri sasa usiiguse. Iache ilale humo humo."

Ezekia alifurahi sana. Alisimama kanisani akatoa ushuhuda juu ya gari lake, tukacheka pamoja naye. Lakini jioni ilipofika alifungua boneti, akaitazama betri, akaingiwa na wasiwasi. Akaifungua, akaiingiza ndani kama zamani. Hakuwa mkaidi, naomba mnielewe. Alimwamini fundi mchana, ila giza lilipoanza kuingia imani ilimpungukia. Na kila asubuhi alisimama kwanza mbele ya gari, akakumbuka, akaikalisha betri vile alivyoonyeshwa. Vibano vya nyaya vilikuwa vilevile vya zamani, vimelegea, na vilikubali kuingia upande wowote. Kwa wiki saba alikumbuka.

Wiki ya nane, asubuhi moja, Yusta aliamka midomo imebadilika rangi. Alikuwa akivuta hewa kama mtu anayevuta uji mzito kwa mrija. Ezekia alitoka mbio na betri kifuani. Siku hiyo hakusimama kukumbuka. Mikono yake iliijua kazi, ikaikalisha betri jinsi ilivyoikalisha miaka thelathini na mmoja. Cheche kubwa ikaruka, harufu ya kuungua ikapanda. Alishtuka, akaona kosa lake, akaigeuza betri haraka, akawasha. Injini ikaitika. Akamshukuru Mungu kwa sauti, akampakia mkewe.

Walipoanza kupanda mlima, taa nyekundu ilikuwa inawaka. Yusta ndiye aliyeiona. Kusema kulimshinda, kwa hiyo aliinyooshea kidole. Ezekia akaitupia jicho, akasema, "Iache, Mama Tumaini, hiyo ndiyo kawaida yake. Tukifika tambarare itazimika."

Ilikuwa kawaida ya dainamo, na dainamo haikuwemo tena. Alteneta ilikuwa imeungua pale nyumbani kwa ile cheche moja, na gari lilikuwa linakula akiba ya betri tu. Ukungu nao ulidai taa kubwa, na manyunyu yakadai waipa. Karibu na kilele taa zikawa za njano. Waipa zikasimama katikati ya kioo. Injini ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Ezekia alizungusha ufunguo hadi vidole vikamuuma. Kisha akaacha, akamwegemeza Yusta kifuani pake, akampepea kwa kofia ingawa kulikuwa na baridi kali. Lori la mbao lilipotokea, Yusta alikuwa amekwisha kufa. Ilikuwa saa nne asubuhi.

Mimi ndiye niliyemzika Yusta, nikiwa mchungaji wao, na bado inaniuma. Baada ya matanga Shomari alipanda kutoka mjini kuja kutoa pole. Aliifungua alteneta, akainusa, akaiweka chini juu ya majani. Alijua kilichotokea bila kuambiwa. Ezekia alikuwa amekaa kwenye kigogo, hajanyoa wala hajabadilisha shati. Akamwomba fundi amrudishie dainamo yake.  Shomari alikusanya spana zake moja moja, akampa mkono, akateremka mlima kwa miguu.

Ndugu zangu, mmoja mmoja mmesimama hapa mbele mkatuambia kwamba mmepewa moyo mpya, nami nawasadiki, maana nimeona jinsi mnavyong'aa. Mwingine aliacha pombe, mwingine aliacha kumpiga mkewe, mwingine aliacha kwenda kwa waganga. Lakini itakuja asubuhi ya hofu, msipate nafasi ya kusimama kwanza na kukumbuka. Asubuhi hiyo, mikono yenu itafanya nini?