Siwazuri na Kipaza Sauti

Mtu mmoja, jina lake Mkwanda, alikuwa na banda la video kando ya kijito. Filamu zake zilikuwa za lugha za mbali, kwa hiyo alikaa mbele na kipaza sauti akiwatafsiria watu kwa Kiswahili. Lugha zenyewe hakuzijua hata chembe, alibuni tu. Mwanamke wa kwenye filamu akifungua kinywa, liwe limempata lolote, Mkwanda alisema anamlilia mpenzi wake aje amwokoe. Watu walicheka. Picha ikifika patamu aliisimamisha, akanadi soda zake za chupa za plastiki na kudai kwamba asiyekunywa amepitwa na wakati. Watu wazima, na akili zao, waliamini. Chupa tupu zilitupwa nyuma ya banda, kijitoni.

Mkewe, Siwazuri, ndiye aliyezipoza soda hizo, na ndiye aliyeteka maji kijitoni kila asubuhi. Aliyaona maji yakipungua, kisha yakaanza kunuka, mpaka kujaza ndoo moja kukawa kazi ya asubuhi nzima. Alimwambia mumewe mara tatu kwamba chupa zinaziba kijito. Mara ya tatu Mkwanda aliwageukia wateja akawatafsiria: mke wangu anadai kitenge kipya. Walicheka tena, na Siwazuri aliumia sana moyoni.

Jumapili moja mchana, banda likiwa limejaa, sauti ya Mkwanda ilikauka kwa kunadi. Akampa mkewe kipaza sauti na kumsisitizia kwa ishara kwamba wanawake walie na soda zitajwe. Kwenye picha, mwanamke alikuwa amesimama mbele ya matingatinga yaliyokuja kufukia mto. Siwazuri akamtazama usoni. Haikuwa sura ya mtu anayeomba. Akasema, "Mto huu ndimo ninamoteka maji. Anayetaka kuufukia, anifukie mimi kwanza."

Mama mmoja akapiga kigelegele, wenzake wakampokea. Picha ilikwenda hadi mwisho bila kusimamishwa, wala hakuna aliyekumbuka soda. Walipotoka, kina mama walijifunga kanga viunoni wakashuka kijitoni, na wanaume, kwa aibu, wakawafuata na viroba. Kabla jua halijazama chupa zote zilikuwa zimezolewa na maji yanatiririka. Siwazuri, tope limemfika magotini, alicheka kwa furaha ambayo hakuwahi kuionja tangu aolewe.

Baada ya wiki sauti ya Mkwanda ilirudi, akanyoosha mkono apewe kipaza sauti chake. Watu walimwomba akae amsikilize mkewe. Akakaa.

Na wewe unayewasemea wengine nyumbani, kazini, hata katika sala, ni lini uliwatazama usoni kabla ya kufungua kinywa?